Shikamoo ya Angani

Ile voisi ya kuanguka kwangu kwenye stuli, pale ninapotengeneza baiskeli, inayozungushwa kwenye magrupu ya Ngamiani na huyu bwana anayejiita rafiki yangu, ina uongo ndani yake. Sikutumbukia kwenye karai la mama wa bajia. Sikulia. Na suruali ilikuwa imeshachanika tangu asubuhi, mashahidi ninao. Yaliyobaki, haya, nisimwonee.

Stuli mnaijua, picha niliwarushia mwenyewe mkanijazia makopa. Kitako ni drami ya breki ya lori, nguzo ni bomba la maji la inchi moja, juu duara la mvule nililoliomba kwa fundi milango, na flenji mbili za kuunganishia, vile visahani vya chuma vyenye meno ya kuzungushia kwenye bomba, moja chini, moja juu. Ya chini niliikaza kwa spana ya bomba mpaka mishipa ya shingo ikanisimama. Ya juu nikaipaka grisi, nikaizungusha kwa mkono tu, maana nilitaka kiti kizunguke nisisumbue kiuno. Fundi bomba wa jirani akapita, akaitazama. "Ami, hapo umekalia kifuniko cha chupa. Toboa upitishe pini." Nikamwambia yeye ashughulike na vyoo vyake. (Msinune. Nanyi mngemjibu hivyo hivyo.)

Sasa sikilizeni hesabu. Bomba la inchi moja lina meno 11 kwa kila inchi, na hapo flenji ilishika kama nusu inchi. Ukizungukia kulia unakaza, kushoto unafungua. Kulia kwangu pana jiliwa, goti halipiti. Kwa hiyo nikigeukia barabarani nageukia kushoto, na kurudi mezani ni kumalizia duara huko huko kushoto. Na hii ni Tanga jamani, baiskeli haipiti bila salamu! "Subalkheri shekhe!" Duara. "Ami, pancha yangu tayari?" Duara. Kila duara kiti kinapanda milimita 2 na ushei. Kikaanza kuchezacheza. Nikajisemea, ala, kumbe kina na springi!

Ndipo bi mkubwa mwenye nyumba akatokea na mwavuli wake. Kodi mnajua ilivyo, tusiifukue. Nikageuka kwa adabu zote, kushoto, nikafungua kinywa: "Shika..."

Tik.

Jino la mwisho hilo. Hamtaamini, sikuanguka papo hapo. Mbao ilibaki imeegemea mdomo wa bomba, na mimi juu yake, mkono kifuani, nikitazamana na bi mkubwa jicho kwa jicho. Nikapata wasaa wa kuona kope zake zinavyopanda. Nikapata hata wasaa wa kukumbuka sura ya fundi bomba. Halafu mbao ikainama taratibu upande mmoja, miguu ikaenda juu, mkono ukadaka rafu, na rafu nayo ikaamua tuondoke pamoja. Likaja kopo la gololi. Likaja kopo la nati. Na katikati ya yote hayo, nikiwa angani, ule ulimi uliofunzwa madrasa ukamalizia: "...moo!"

Nikatua ndani ya beseni la maji la kutafutia pancha. Nimeenea barabara, magoti masikioni. Kimya. Kisha mapovu yakaanza kupanda kutoka chini yangu, moja, mawili, halafu mfululizo. Rafiki yangu akaruka: "Hapo hapo! Weka alama, pancha ipo hapo!"

Bi mkubwa akafunga mwavuli. "Marahaba, mwanangu," akasema, kama vile nimesimama.

Duara la mvule lilikutwa mbele ya msikiti, mtoto kalikalia. Stuli imetobolewa, pini imeingia, haizunguki tena. Fundi bomba kala chapati na maharage kwa hela yangu. Bi mkubwa kanisogezea kodi hadi mwisho wa mwezi na kaagiza stuli ya jikoni, ila iwe ya miguu minne, na siku ya kumpelekea nisimwamkie nikiwa nimeikalia.