Kwa hiyo sasa tuache kupiga mswaki?

Ule ujumbe umeanza kuzunguka tena kwenye magrupu. Mnaujua: wanasayansi wa London wamegundua bakteria wa kinywani wanaoyeyusha kansa, kwa hiyo acheni dawa za kusukutua. Chini yake mjomba mmoja wa ukoo wetu, mla tambuu wa kutukuka, akaandika: "Alhamdulillahi, mimi mswaki tulishagombana zamani." Vikafuata vikatuni vya kucheka na mikono ya dua.

Utafiti upo kweli. Ulitoka 2024, wa hospitali ya Guy's na chuo kikuu cha King's College London. Walipekua takwimu za wagonjwa 155 wa saratani za kichwa na shingo, wakaona wale ambao uvimbe wao ulikuwa na fusobakteria, ndio hao bakteria wa kinywani wa kwenye ujumbe, waliishi muda mrefu zaidi. Maabara, bakteria hao waliua kati ya asilimia 70 na 99 ya seli za saratani. Sawa, si namba za kudharau. Ila kwenye kisahani cha maabara hakuna damu wala kinga ya mwili.

Kinachonipandisha presha ni hiki: wote hao walikuwa wagonjwa tayari. Swali lilikuwa, mtu akishaugua, nani ataishi zaidi? Hakuna aliyeuliza nani hataugua kabisa! Na bakteria aliyekutwa ndani ya uvimbe huenda anaua seli kweli, huenda pia ni mpangaji tu aliyechagua nyumba tulivu, yaani uvimbe ambao tangu mwanzo haukuwa mkali. Wafaransa mwaka 2021 walichunguza saratani ya kinywa yenyewe, wakaona nao kwamba wenye fusobakteria wana nafuu. Lakini wagonjwa hao walikuwa wazee zaidi, tena wasiokunywa pombe. Sasa niambie, aliyewabeba ni mdudu au ni kutogusa gongo? Watafiti angalau huumiza kichwa kutenganisha mambo hayo. Mjomba yeye kashapata ruhusa, na popoo, ile kokwa ya kwenye tambuu, ilishatangazwa na shirika la utafiti wa saratani la WHO kuwa inaleta saratani, hata bila tumbaku, tangu 2004. Hiyo hakuna aliyeisambaza.

Wala hawakusambaza kwamba bakteria huyohuyo akikutwa kwenye saratani ya utumbo mpana, mambo huwa mabaya: dawa zinagoma, ugonjwa unarudi.

Halafu kuwasaka bakteria ndani ya uvimbe ni kazi yenye mitego. Makala kubwa ya jarida la Nature ya 2020, iliyodai kila aina ya saratani ina alama yake ya vijidudu, iliondolewa 2024. Sehemu ya walichoita bakteria ilikuwa vinasaba vya binadamu.

Haya, huenda siku moja daktari akawatazama bakteria kwenye kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kabla hajaamua nani aongezewe mionzi na nani apunguziwe. Nitashangilia. Kwa leo, huku kwetu, kinachoamua zaidi ni umefika hospitali uvimbe ukiwa na ukubwa gani, na wengi wanafika matezi ya shingo yameshavimba, baada ya miezi ya maji ya chumvi na vidonge vya vitamini. Kidonda cha mdomoni kikifikisha wiki tatu bila kupona, au ukiona doa jeupe au jekundu lisilofutika, mwambie daktari wa kinywa akate kinyama kikapimwe. Akikuandikia vitamini tena, usinyanyuke kwenye kiti.