Maiti Ndani ya Jalada la Heshima

Katika kikundi chetu cha wasomaji, riwaya dhati, yaani zile nzito za tafakuri, huzungumzwa kwa sauti ya ibada, ilhali riwaya pendwa, yaani za upelelezi, mapenzi na vitisho, hutajwa kama ndugu aliyefungwa jela. Mwenyekiti wetu hachoki kutukumbusha kwamba hata mwandishi Mwingereza Graham Greene alizigawa kazi zake mwenyewe mafungu mawili, riwaya na viburudisho. Kwa kuwa tafakuri ndefu hunilaza usingizi, niliivisha riwaya ya upelelezi jalada la riwaya nzito tuliyopangiwa, nikaketi nyuma nikisoma kwa uso wa huzuni unaostahili. Dhamiri haikunisumbua: ikiwa John Banville, mwandishi wa Ireland aliyetwaa tuzo ya riwaya ya Booker mwaka 2005, aliweza mwaka uliofuata kujificha nyuma ya jina la Benjamin Black ili aandike habari za mauaji, msomaji naye ana haki ya maficho yake.

Mwenyekiti, alipoona nilivyozama, akanitaka nisome kwa sauti aya iliyonigusa. Nilitafuta mahali penye utulivu nisipaone, maana kila nilipofunua palikuwa na mtu anayekimbia au anayekimbizwa. Basi nikasoma: inspekta anafungua kabati, na maiti ya mhasibu inamwangukia kifuani.

Kukawa kimya. Kisha mama mmoja akasema kwa upole kwamba kabati ni nafsi. Kijana mmoja akaongeza kwamba maiti ni yale yaliyopita, ambayo hutuangukia kila tujaribupo kuyafungia, na hapo ukazuka ubishi mkali iwapo uhasibu unawakilisha dhambi au ubepari. Nami, Mungu anisamehe, nilikubaliana na pande zote mbili, tena kwa kutikisa kichwa taratibu.

Katika kutikisa huko kitabu kiliniponyoka. Jalada lilibaki mkononi, na chenyewe kikaanguka miguuni pa Mwenyekiti, bastola na damu vikitazama juu. Nilianza kujitetea kwamba Dostoevsky naye, yule mwandishi mkubwa wa Urusi, mwaka 1866, alimpa mhusika wake shoka na kumletea mpelelezi. Hakunisikiliza. Alikiokota, akakikagua kwa dharau yake yote, akasema:

“Upuuzi mtupu! Hata mtoto angejua tangu mwanzo kwamba muuaji ni daktari wa meno.”

Nilikuwa nimebakiza kurasa chache tu. Wenzangu wote walimgeukia; naye, baada ya kukohoa, akaeleza kwamba vitabu hivyo huvisoma kwa ajili ya utafiti, kisha akaniinamia na kuninong'oneza kama ninacho kile kinachofuata.