Walioona Zuhura hawakuwa waongo

Chini ya makala yenu kuhusu vitu visivyotambulika angani, msomaji mmoja anasema jeshi la anga la Marekani lilikuwa likiwaambia walioripoti vitu hivyo kwamba wameona sayari ya Zuhura tu, ili kuwafunga midomo. Naomba nimpinge kwa heshima. Uchunguzi wa jeshi hilo kuhusu taarifa hizo, ulioitwa Blue Book, ulianza 1952 ukafungwa 1969. Ulipokea taarifa 12,618, na 701 zikabaki bila maelezo. Anayetaka kuficha hangeziacha hizo 701 wazi.

Mshauri wao wa elimu ya nyota, J. Allen Hynek, alianza akiwa na mashaka makubwa, lakini baadaye akasema hadharani kwamba baadhi ya matukio yanastahili utafiti wa kweli. Huyo namwamini.

Kuhusu Zuhura, nimeshaiona ikihangaisha macho. Tulikuwa kwenye basi kati ya Chalinze na Segera, giza linaingia. Binti yangu akabandika paji la uso kwenye kioo: "Baba, ile taa inatufuata!" Na kweli, ilikuwa inarukaruka nyuma ya miembe, tukienda nayo inakwenda. Dereva aliposimama kushusha abiria, nayo ikasimama. Miti ya karibu inapita haraka, sayari iko mbali mno, basi jicho linadhani inakimbia nasi. Ikiwa chini karibu na upeo, hewa huitetemesha hata ikaonekana kubadilika rangi.

Mtoto hakudanganya, alichokiona kilikuwepo. Mhariri, tafadhali wekeni saa na upande wa anga kwa kila tukio mlilolitaja, tupime wenyewe.