Buibui wa Alizeti Hakustahili Bomba la Dawa

Jumamosi iliyopita nilirudi nyumbani, hapa Morogoro, nikamkuta jirani yangu amebeba bomba la dawa mgongoni, akipulizia alizeti zangu kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwake siku za kuzibua mtaro wetu. Nilimwamkia, kwa kuwa ni mzee wangu. Aliitikia marahaba, kisha akaniambia kwa furaha ya mtu aliyetenda wema, "Mwanangu, nimekuokolea nyuki. Humu mna buibui wa njano anawamaliza."

Nyuki niliowaona chini ya mashina, wakijizungusha mavumbini, hawakufanana na waliookolewa.

Nakubali kwa shingo upande kwamba mzee hakusema uongo. Buibui huyo, wa jenasi ya Thomisus, hatandi utando wa kunasia. Hukaa juu ya ua akiwa ameitandaza miguu yake minne ya mbele kama kaa, na nyuki anapoinama kunywa mbochi humdaka, akamuuma karibu na kichwa, na sumu ikamlegeza kabla hajautumia mwiba wake. Humfyonza akamwacha ganda tupu, ambalo ukilitazama kwa mbali utadhani nyuki angali anakunywa. Wapo pia nyuki wanaolikwepa ua wakishamgundua mwindaji, na hiyo ni hasara kwa mwenye shamba.

Lakini buibui hula nyuki mmoja, akashiba, akatulia. Dawa haishibi. Inamuua buibui, nyuki, kipepeo na yule nzi wa maua asiye na kesi na mtu, kisha inabaki juu ya ua ikimngoja atakayefuata. Tena alizeti si ua moja, bali ni mamia ya maua madogo yanayofunguka kwa siku kadhaa kuanzia ukingoni kuelekea katikati, na kila moja linahitaji chavua ili litoe mbegu iliyojaa. Atakayeipulizia wakati huo, mchana, nyuki wakiwa kazini, amewafukuza vibarua wake katikati ya mavuno. Na huyu ndiye mzee ambaye kila msimu hutulalamikia kwamba alizeti zake zimetoa mapepe, akimlaumu muuza mbegu!

Shtaka lake la pili lilikuwa kwamba buibui huyo ni mnafiki, kwa sababu anajifanya ua. Chui naye hujificha majanini, ila yeye tumemtengea Hifadhi ya Mikumi, na wageni hulipa ili wamtafute siku nzima na wasimwone. Ningependa kuelezwa ni kwa ukubwa gani wa mwili ambapo unafiki hugeuka kuwa kivutio cha utalii.

Hata huko kujificha kwenyewe hakuko kama tunavyodhani. Misumena vatia, ndugu yake wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, huweza kubadilika kutoka weupe kwenda njano na kurudi, lakini humchukua siku nyingi, wala si dakika kama kinyonga. Nako Australia, watafiti walieleza mwaka 2003 kwamba Thomisus spectabilis mweupe huakisi miale ya urujuanimno, ambayo sisi hatuioni ila nyuki wanaiona. Kwa macho yao buibui huyo anang'aa juu ya ua, na nyuki wa asali walivutwa zaidi na ua lenye buibui kuliko lisilo naye. Anayefichwa jambo hapo ni binadamu, ambaye hata hakualikwa.

Sikumgombeza mzee, mtu hagombani na aliyemfundisha kupogoa miembe. Nilimwomba tu, kwa adabu zote, kwamba ikiwa ni lazima bomba litembee, basi lisubiri jioni, nyuki wakiwa wamekwisha kurudi mzingani. Akanijibu kwamba jioni yeye huwa kwenye bao.