Wadudu wa Malindi: Tusifuate Njia ya Ujerumani

Huku Ujerumani hasara imeshapimwa. Wachunguzi wa wadudu wa mji wa Krefeld walitega mitego katika maeneo 63 ya hifadhi kwa miaka 27, wakawa wanapima uzito wa wadudu warukao walionaswa. Matokeo yalitoka 2017: zaidi ya robo tatu ya uzito ule imetoweka. Na hizo ni hifadhi, sembuse mashamba! Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ukakataza dawa tatu za kuua wadudu, imidaklopridi, klothianidini na thiametoksamu, kutumika nje ya vibanda vya kioo. Mwaka 2019 zaidi ya watu milioni 1.7 wa jimbo la Bavaria walitia saini kudai nyuki waokolewe. Sasa wakulima wanalipwa ili waache ukanda wa maua kandoni mwa shamba. Yaani pesa zinatumika kurudisha kilichokuwapo bure.

Malindi bado tunacho. Msitu wa Arabuko-Sokoke upo, na pale Gede mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua pupa za vipepeo kwa majirani wa msitu tangu miaka ya 1990 na kuziuza ng'ambo. Hofu yangu ni mashambani, hasa kwenye matikiti.

Ua jike la tikiti, lile lenye kitunda chini yake, hufunguka asubuhi na kufika alasiri limeshafumba, halifunguki tena. Ndani ya saa hizo linahitaji chavua nyingi, ienee pande zote tatu za kitovu chake, yaani ile sehemu ya katikati inayopokea chavua, na nyuki mmoja hatoshi: lazima watue mara kadhaa. Chavua ikipungua, kitunda hugeuka manjano kikaanguka, au tikiti hukua limepinda, jembamba upande mmoja. Mkulima akiona hivyo hudhani ni ugonjwa, anapulizia dawa tena asubuhi, na nyuki waliobaki wanakufa. Hapo ndipo tunapojimaliza wenyewe.

Kama ni lazima kupulizia, ngojeni jua lizame. Mkilifi, yaani mwarobaini, umejaa kila mahali pwani: twangeni kokwa zake kavu gramu 50 kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili dawa ishike majani, kisha itumike jioni ya siku hiyohiyo. Jua huivunja nguvu haraka, ndiyo maana wanaoipulizia mchana husema haifanyi kazi.

Si nyuki tu. Papai huchavushwa na nondo wakubwa warukao jua likizama, na pasheni inawategemea wale nyuki weusi wanaotoboa mbao. Kwa hiyo msichome kila gogo kavu wala kufyeka magugu yote mpakani.

Nyuki wakiisha, kazi ni ya mkono: kabla ya saa nne asubuhi unachuma ua dume, unabandua petali, unapaka chavua yake kwenye kitovu cha ua jike, kila siku mpaka msimu wa maua uishe. Eka moja ya matikiti inataka vibarua wangapi?