Nusu Mlimani, nusu Lubumbashi: mwanafunzi wa sheria avuke mpaka upi?

Daktari aliyesomea Urusi akirudi Muhimbili atakuta figo iko palepale. Mwanasheria hana bahati hiyo. Aliyesoma sheria ya ardhi London hakufundishwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hajui baraza la kata lilibakiwa na kazi gani baada ya marekebisho ya 2021, wala hajawahi kusikia mzee akitoa ushahidi juu ya shamba ambalo mpaka wake ni mwembe. Ndiyo maana mawakili wengi wakongwe, ukiwagusia habari ya kijana kusoma sehemu ya shahada yake nje, au kuunganisha shahada ya hapa na ya chuo cha nchi nyingine, hukujibu kwa swali: sheria ya watu akaifanyie nini mahakamani Kisutu?

Swali hilo lina uzito. Oktoba 2022, matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile tunayoiita Law School, yalionyesha kuwa wanafunzi 26 tu kati ya 633 ndio waliofaulu moja kwa moja. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kutafuta chanzo. Mtu akikuambia kwamba nchi yenye matokeo ya namna hiyo ikazanie kwanza kufundisha sheria zake yenyewe, humpuuzi. Ongeza gharama: ada ya mwaka mmoja wa LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria, katika vyuo vikubwa vya London, kwa mwanafunzi wa kutoka nje, hupita pauni 25,000 kabla hajalipa pango wala nauli. Ongeza pia kwamba tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama kwa mujibu wa sheria, na hakuna chuo cha Ulaya kitakachomfundisha mtu kuandika hati ya madai kwa Kiswahili. Kwa shahada nzima ya kwanza kusomwa nje, mimi nakubaliana na wakongwe hawa. Kijana wa miaka 19 anayesoma LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, yote ugenini anarudi na cheti cha kupeleka Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kitambuliwe, na pengo la masomo ambayo wenzake waliyamaliza mwaka wa pili.

Ila hoja yao inadhani safari ni moja tu: ndege, Ulaya, kila kitu kipya. Historia yetu wenyewe haisemi hivyo. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilipofunguliwa 1961 ndicho kilikuwa pekee Afrika Mashariki, na Wakenya na Waganda walivuka mipaka kuja kusoma hapo. Benjamin Odoki alipata LLB yake Dar mwaka 1969, akaja kuwa Jaji Mkuu wa Uganda. Willy Mutunga alimaliza mwaka 1971, akaja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Kwa wote wawili Mlimani, yaani chuo hicho cha Dar, palikuwa nje ya nchi. Sijapata kusikia mtu akidai kwamba kusoma Tanzania kuliwapunguzia ufahamu wa sheria za kwao.

Hebu tuangalie pia wenye shahada pacha wanazitumia kwa kazi gani. King's College London ina mpango wa miaka minne na Panthéon-Sorbonne ya Paris: miaka miwili London, miwili Paris, na mwanafunzi anatoka na shahada ya sheria ya Uingereza na ya Ufaransa. Upande mmoja sheria inajengwa na hukumu za majaji, upande wa pili inajengwa na misimbo, yaani vitabu vya sheria vilivyoandikwa na kupangwa. Kati ya pande hizo kuna biashara kubwa, na biashara hiyo inahitaji watu wanaosoma mkataba kwa macho mawili.

Sisi mpaka kama huo tunao, na tunaupita kila siku kwa malori. Kongo ya Kinshasa iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Miaka kumi kabla yake, Septemba 2012, ilikuwa imejiunga na OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika, nyingi zikiwa za Kifaransa, zinazotumia sheria moja ya biashara, makampuni, dhamana na usuluhishi, na mahakama yao ya juu iko Abidjan. Bandari ya Dar es Salaam inaitegemea sana mizigo ya Kongo. Lakini mwanafunzi wetu anaweza kumaliza miaka minne ya sheria, na Law School juu yake, asisikie neno OHADA hata mara moja.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hasara inapoonekana kwa shilingi. Chukua lori lililopakia vipuri vya mashine za mgodi Dar, limeandikiwa kushusha Lubumbashi, kusini mwa Kongo, limepinduka mlima Kitonga. Mwenye mzigo anakwenda kwa wakili wake Dar. Wakili anajua kwamba madai ya mkataba kwa sheria yetu ya ukomo wa muda wa kufungua shauri yana miaka sita, kwa hiyo hana haraka. Anaandikiana barua na bima, anasubiri ripoti ya polisi. Sasa basi, OHADA ina sheria yake ya mikataba ya kusafirisha bidhaa kwa barabara, iliyopitishwa 2003 na kuanza kutumika 2004. Inajitanguliza yenyewe katika kila mkataba ambao mzigo umepokelewa au unatakiwa kufikishwa katika nchi mwanachama, hata kama nchi ya upande wa pili si mwanachama. Dar kwenda Lubumbashi imo ndani. Sheria hiyo inataka shauri lifunguliwe ndani ya mwaka mmoja, si sita. Tena inataka malalamiko ya maandishi yamfikie msafirishaji kwanza: siku 60 baada ya mzigo kukabidhiwa au, kama haukufika, miezi sita tangu ulipopokelewa. Fidia nayo ina kikomo cha faranga 5,000 za CFA kwa kilo, ambazo ni kama euro 7.60, isipokuwa thamani ya mzigo ilitajwa tangu mwanzo kwenye hati. Kwa saruji hiyo ni fedha nyingi. Kwa vipuri vya mashine inaweza kuwa sehemu ndogo tu ya thamani yake. Na sharti lolote la mkataba linalokwenda kinyume na sheria hiyo ni batili.

Shauri hilo likifunguliwa Lubumbashi mwaka wa pili baada ya ajali, pingamizi la awali moja linalimaliza. Wakili hakufanya uzembe. Alifanya alichofundishwa. Muhula mmoja katika kitivo cha sheria cha Lubumbashi ungemtosha kujua kwamba mstari wa "thamani ya mzigo" kwenye hati haujazwi kwa mazoea. Na huko angeishi kwa Kiswahili sokoni na mtaani, huku akisoma misimbo kwa Kifaransa darasani.

Mifano ya kusoma huku na kule bila kung'oa mizizi tunayo tayari. Tangu 2008 Mlimani ina kituo cha pamoja na Chuo Kikuu cha Bayreuth cha Ujerumani, kinachosomesha sheria za Jumuiya kwa vijana wa nchi wanachama. Shahada inatoka Dar, Ujerumani wanakwenda kwa mafunzo mafupi. Kituo cha Haki za Binadamu cha Pretoria tangu 2000 kinachukua wanafunzi wapatao 30 kwa mwaka kutoka pande zote za Afrika, kinawafundisha nusu ya kwanza kule, kisha kinawatawanya kwenye vyuo vingine vya bara hili kumalizia. Yote haya ni ya uzamili. Kwa shahada ya kwanza, ambako kuna wanafunzi wengi na ambako tabia ya kufikiri kisheria inaumbwa, milango ni michache mno.

LLM ya London nayo siidharau. Mikopo mikubwa ya mabenki na mikataba ya gesi mara nyingi huandikwa chini ya sheria ya Uingereza, na lazima wawepo Watanzania wanaoijua kuliko wanaokaa upande wa pili wa meza. Ila njia hiyo inajulikana, ina wafadhili, na familia zinaijua. Ya Lubumbashi, Bujumbura au Maputo haina anayeitetea.

Vikwazo vyake vinapangika. Ushahidi, mwenendo wa mashauri ya madai na ya jinai, ardhi na katiba vibaki nyumbani, visiguswe. Kinachosomwa nje kiwe masomo ya hiari: biashara, usafirishaji, usuluhishi. Hapo Law School haina sababu ya kumkataa mtu, maana masomo ya lazima yote kayasomea hapa. Wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza mwaka 2017 eneo la pamoja la elimu ya juu, kwa nia kwamba masomo yatambulike kutoka chuo kimoja hadi kingine. Wakati ule Kongo haikuwamo. Sasa imo, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lina kazi ya kuiingiza katika hesabu hiyo.

Kifaransa ndicho kigumu kuliko vyote, na hakifunzwi kwa wiki sita kabla ya kupanda basi la Tunduma. Kianze mwaka wa kwanza, kihesabiwe kama somo lenye alama, ili mwanafunzi afike muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu akiweza kusoma hukumu ya Abidjan mwenyewe. Walimu wa Kifaransa Mlimani wapo. Wakuu wa kitivo cha Dar na cha Lubumbashi hawahitaji mkutano wa marais kukubaliana kubadilishana wanafunzi kumi.