Xanthopan: Nondo Mmoja au Wawili?

Kwa miaka 118 jenasi Xanthopan, yaani kundi la nondo wenye ukoo wa karibu, ilihesabiwa kuwa na spishi moja tu, Xanthopan morganii, huku nondo wa Madagaska akiwekwa chini yake kama nususpishi (tawi la ndani ya spishi) praedicta, jina alilopewa na wataalamu wa wadudu Rothschild na Jordan mwaka 1903. Mwaka 2021 wataalamu wakampandisha cheo kuwa spishi kamili. Hapa Mombasa, miongoni mwetu tunaofuatilia wadudu wa usiku, wapo wanaoona kwamba nondo ni yule yule na kilichobadilika ni kibandiko cha makumbusho.

Pingamizi lao lina msingi. Tofauti ya hadi asilimia 7.8 kati ya nondo wa Madagaska na wa bara, inayotajwa sana, ilipimwa katika kipande cha jeni moja ya mitokondria (viungo vidogo vya ndani ya seli), inayorithiwa kwa mama peke yake, na jeni moja haisimulii ukoo mzima. Tena, nondo hawa wametengwa na Mlango wa Msumbiji wenye upana wa zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo hakuna mahali wanapokutana tukaona kama watazaana.

Hata hivyo, asilimia hiyo si ya kupitwa hivi hivi. Spishi nyingi za nondo na vipepeo ambazo hazina ubishi hutofautiana katika kipande hicho hicho kwa asilimia 2 au 3; iweje basi mara mbili na zaidi ya kiwango hicho iwe jambo la ndani ya spishi moja? Wala haisimami peke yake, maana upande wa chini wa mwili wa nondo wa Madagaska una rangi ya waridi kuliko wa bara, na mrija wake wa kunyonyea mbochi umewahi kupimwa ukafika sentimita 28.5.

Mrija huo ndio ulionishawishi zaidi. Mwaka 1862 mwanasayansi Charles Darwin alisema kwamba okidi ya Madagaska yenye kichuchu kirefu cha mbochi, yaani mrija wa ua unaohifadhi mbochi, lazima iwe na nondo wa kuifikia. Mwaka 1867 mwanasayansi mwenzake Wallace, akimtetea, alitaja nondo wa Afrika bara mwenye mrija wa inchi saba na nusu, yaani sentimita 19 hivi: ndiye morganii wetu, ambaye eneo lake linaanzia Sierra Leone hadi Afrika Mashariki. Aliyetumika kuwa ushahidi akaja kumezwa na sifa za ndugu yake. Walipounganishwa chini ya jina moja, rekodi ya Madagaska ikasomwa kana kwamba ni ya wote, na mtu anayetafuta ni maua gani ya bara yanayomtegemea nondo huyu huanza na kipimo kisicho chake. Kadhalika, misitu ya Madagaska ikiisha, hesabu ya zamani ingeandika kwamba nususpishi imepotea huku spishi ikiwa salama bara.

Viwavi wa morganii hula majani ya mimea ya jamii ya mstafeli na mtopetope. Kwa hiyo utafiti wa kumpima kwa kipimo chake mwenyewe unaweza kuanzia chini ya miti hiyo.